Tulishamaliza Matanga Yake

Nikitaka kumsikiliza mtu kwa makini, namgeuzia sikio la kulia. Daktari mmoja aliwahi kunipima akaniambia kwamba masikio yangu yote mawili ni mazima, basi kwa nini nakaa upande kama kuku aliyesikia mwewe? Kumjibu kungenilazimu kumweleza kwamba mkao ule nimeuazima kwa mtu ambaye hakuwahi kuishi, mzee wa kwenye filamu, na kwamba kuna wakati nusu ya mtaa wa Gitega, pale Kigali, ilisikiliza hivyo, kuanzia kinyozi hadi mwuza mkaa.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilifundisha darasa la pili, watoto sitini na kitu na ubao mmoja uliopasuka katikati, na wiki nzima vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwa chaki. Jumamosi nilinawa mikono, nikashuka ule mteremko unaotazama Kimisagara, nikaingia ukumbini. Tuliuita ukumbi kwa heshima. Kilikuwa chumba kirefu cha matofali ya udongo nyuma ya karakana ya redio, chenye mabenchi tisa, na mvua ikinyesha juu ya bati hatukusikia kitu. Filamu ilianza saa nane mchana ikaisha jua lingali juu, maana vita vilikuwa kaskazini mwa nchi, na hakuna aliyetaka giza limkute njiani.

Mwenye ukumbi alikuwa fundi wa redio, na sote tulimwita Fundi. Alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi, akarudi na deki ya video, televisheni kubwa, na Kiingereza alichojifunza kwa kusoma vitabu vya mashine. Filamu zilipozungumza, alisimama kushoto mwa televisheni, kijiti cha mwanzi mkononi, akatufasiria kwa Kiswahili chetu cha Kigali, kile chenye Kinyarwanda ndani yake kama maharage ndani ya wali. Kumbi nyingine zilikuwa na wafasiri hodari kuliko yeye. Walipiga kelele, walitia mizaha, na pale wasipoelewa walitunga, tena walitunga vizuri. Fundi hakutunga. Ijumaa alijifungia na kanda akaitazama peke yake hadi mwisho. Jumamosi, akifika mahali ambapo Kiingereza kilimshinda, alishusha kijiti akasema, "Hapa sikuelewa." Basi. Tulinyamaza naye, tukawatazama wale watu wakifungua na kufunga vinywa, mpaka kijiti kiinuke tena.

Wageni walicheka. Sisi wenyeji tulijua kwamba mtu anayekwambia hapa hakuelewa, hapo pengine ameelewa kweli.

Humo ndimo nilimojulia filamu za Mnara. Zilikuwa tatu, kanda zilizochakaa hadi rangi ya anga ikawa kama chai ya maziwa. Zilisimulia juu ya mnara wa chuma unaoelea mbali kabisa angani, mahali ambapo meli za nyota hupita zikienda kwenye dunia mpya, na juu ya mzee anayewasha taa ili meli zisipotee. Jina lake halikutajwa hata mara moja. Aliitwa Mlinzi. Hakuzijua sura za waliomo melini wala wao hawakumjua. Alipanda ngazi yenye kutu, akawasha, akashuka, akachemsha maji katika birika lililobonyea. Katika filamu ya kwanza, mlango wa kuingilia hewa ulifunguka kabla ya wakati, akaushikilia kwa mgongo mpaka mwenzake akaingia, na kishindo kile kikalifisha sikio lake la kushoto. Tangu hapo Mlinzi alimgeuzia la kulia kila aliyesema naye. Alifanya hivyo polepole, kama mtu anayesogeza kiti ili mgeni akae.

Nilimpenda kuliko watu wengi niliowajua. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mzee, na hakuna aliyemshukuru, na kila jioni ngazi ilikuwa ndefu vilevile.

Mwisho wa filamu ya tatu alikufa. Alikaa chini karibu na birika lake, taa ikiwaka, na meli ya mwisho ikapita. Fundi hakufasiri kitu maana hakuna aliyesema. Alizima televisheni, na hatukuinuka.

Aliyeanzisha jambo lililofuata alikuwa seremala mmoja wa Kimisagara, mtani mkubwa, mtu aliyekulia Burundi na aliyejua jina la utani la kila mtu isipokuwa lake. Kesho yake, Jumapili baada ya misa, alikuja na benchi begani, akaliweka mbele ya karakana, akaketi. Fundi akamwuliza kulikoni. Akajibu kwamba amekuja kukaa matanga. Mtu akifa, watu hukaa, au Mnara hauna majirani? Tulicheka. Halafu mmoja akaketi, na mwingine. Mwenye themosi alileta themosi. Kufikia alasiri tulikuwa kama ishirini, na televisheni imefunikwa kitambaa, na kila mtu alieleza kitendo kimoja cha marehemu. Ulikuwa mzaha, na haukuwa mzaha. Kwetu Rwanda kilio kina siku zake, na siku ya kukiondoa watu hushika tena zana za kazi, jembe liguse udongo, ili maisha yaruhusiwe kuendelea. Basi Jumapili iliyofuata tuliyaondoa matanga ya Mlinzi. Seremala aligusa randa yake, Fundi chuma chake cha kulehemu. Mimi niligusa kipande cha chaki nilichokuja nacho mfukoni, na nilipokigusa macho yangu yalikuwa na maji, nami nikajifanya ni moshi.

Baada ya hapo Mlinzi alikuwa marehemu wetu. Mtu akimtaja alisema, "Mungu amrehemu."

Mwaka wa tisini na tatu, msimu wa mvua ndefu, dereva mmoja wa lori alimletea Fundi kanda mpya kutoka Bujumbura. Juu ya kasha ulikuwa Mnara. Haukuwa na kutu. Uling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mbele yake alisimama kijana mwenye kifua kipana na meno mengi. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, na filamu nzima ilikuwa imetiwa sauti za Kifaransa, lugha ambayo Fundi aliijua kwa salamu tu. Mimi nilikuwa nimekisoma shuleni, basi aliniita Ijumaa baada ya kazi. Akaniomba nikae karibu naye, ninong'oneze, yeye aseme. Hakuwahi kumwomba mtu jambo hilo. Niliketi kwenye kile kiti cha karakana kama mtu aliyeitwa kusimamia ndoa.

Tulitazama kama nusu saa, kisha umeme ukakatika, na haukurudi siku ile. Nusu saa ilitosha kuniumiza. Yule kijana aliitwa Mlinzi. Alikimbia ngazini, alipiga miluzi, alitania redioni na mwanamke wa kwenye meli. Taa zilijiwasha zenyewe. Nilitafuta birika kila pembe ya chumba kile cheupe, walikuwa wameliondoa. Hata leo nikikumbuka nahisi hasira ndogo ya moto, hasira ya birika. Na masikio yake yote mawili yalisikia.

Wakati Fundi akitafuta mshumaa, nilisoma nyuma ya kasha kwa mwanga wa dirishani. Yalikuwa maneno machache. Yalisema kwamba hadithi ya Mnara inaanza upya, kwa sura mpya, kana kwamba haijawahi kusimuliwa.

Nilielewa kila neno. Walikuwa wamemchukua marehemu wetu, aliyekaliwa matanga na kuondolewa matanga, wakasema hakufa, tena hakuishi. Ngazi yote ile hakuipanda. Fundi alirudi na mshumaa akauliza, kwa ile sauti yake ya kupima nyaya, "Huyu kijana ni nani, Mwalimu? Mbona anaitwa Mlinzi?"

"Ni mjukuu wake," nilisema.

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema."

Aliandika kwenye kikaratasi chake: mjukuu. Nilimwona akiandika. Sikuwa nimewahi kumdanganya mtu mzima jambo la maana, na nilishangaa jinsi lilivyotoka laini. Nilijiambia kwamba nimemwokoa mzee. Lakini usingizini, na asubuhi nikichota maji, kilichonirudia hakikuwa uso wa mzee bali kile kikaratasi. Fundi alikuwa na kitu kimoja tu ukumbini mwake ambacho kumbi nyingine hazikuwa nacho, nacho ni kwamba aliaminiwa. Nilikuwa nimekishika mimi, kwa mikono yenye chaki.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Fundi alisimama mahali pake, mimi kwenye kigoda nyuma ya bega lake. Kabla ya kuanza alitangaza kwamba huyu tutakayemwona ni mjukuu wa marehemu, amerithi kazi na jina. Ulipita mnong'ono wa furaha kama upepo juu ya mtama. Seremala aliinuka, akasema kwamba kwao mtu hapewi jina la babu, kila mtoto huja na lake. Fundi akamjibu kwamba majirani zetu Waislamu wa huko juu huwapa watoto majina ya babu zao kila siku na hakuna aliyekufa.

"Sawa, mzee, hata huko angani kuna Waislamu," seremala alisema, akaketi. "Basi tumpe pole ya babu yake."

Na wakampa, kweli. Watu kadhaa waliiambia televisheni pole.

Ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Nilinong'ona, Fundi akasema. Nilipunguza hapa, nikaongeza pale. Kijana aliposema kwamba "mimi" ndiye wa kwanza kuuwasha mnara huu, nilinong'ona "sisi". Uongo mmoja ulihitaji kuchotewa maji kila baada ya dakika kumi, kama mche uliopandwa jua kali. Ukumbi ulimpenda yule kijana. Walimpenda kwa ajili ya babu yake.

Kisha ukaja mlango.

Nilitambua kabla ya wengine, kwa ile taa nyekundu. Mlango wa hewa, mwenzake yuko nje, vitasa vinafunguka kabla ya wakati. Kijana aligeuka akaweka mgongo. Nilisikia mabenchi yakilia, watu wakisogea mbele, maana kila mmoja pale aliujua mlango ule kuliko mlango wa kwao. Kishindo. Mwenzake akaingia. Kijana akaanguka, akashika sikio la kushoto.

Seremala hakusimama safari hii. Alisema palepale alipoketi, kwa upole kabisa, ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Fundi. Mlango huu unakula masikio ya ukoo mzima?"

Kicheko kikapasuka. Si kicheko kibaya, lakini kilikuwa kicheko cha kumcheka Fundi, na humo ndani kilikuwa hakijawahi kusikika. Yeye alikuwa akimtazama daktari wa kwenye filamu, aliyeinama juu ya kijana akisema maneno marefu. Aligeuza kichwa kidogo.

"Anasema nini, Mwalimu?"

Daktari alikuwa akisema kwamba sikio hili limekufa, kwamba kuanzia leo utawasikiliza watu kwa upande mmoja maisha yako yote. Nilielewa kila neno. Na nikasema, "Hapa sikuelewa."

Nimefanya makosa mengine tangu hapo, mengine makubwa. Hilo ndilo ninalolionea haya zaidi. Nilikuwa nimechukua sentensi yake, ile moja safi, nikajificha ndani yake.

Fundi alinitazama. Kisha akasogea, akabonyeza kitufe, na picha ikaganda, mistari myeupe ikitetemeka juu ya uso wa kijana. Alishusha kijiti. Aliuambia ukumbi, "Hapa sikuelewa. Na naona hata mwanzo sikuelewa. Mnisamehe." Hakunitaja. Alisimama hivyo, mtu mwenye mvi na vidole vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu, akisubiri kama wanafunzi wangu wanavyosubiri nikisahihisha.

Nilisimama. Nilisema kwamba Fundi hakukosea. Nilimwambia uongo mimi, tangu jana. Huyu si mjukuu. Huyu ni Mlinzi mwenyewe, wameianza hadithi upya kwa sura nyingine, imeandikwa kwenye kasha, na niliisoma nikaielewa.

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Kwa hiyo hajafa," seremala alisema mwishowe.

"Hajafa bado," nikasema.

"Lakini sisi tulishamaliza matanga yake."

Hakukuwa na mzaha katika sauti yake, na hapo nilijua kwamba sikuwa peke yangu siku ile niliyoshika chaki. Watu walianza kusema wote pamoja. Mmoja alisema huo ni utovu wa adabu, maiti haiitwi kutoka kaburini. Mwingine akasema mbona hadithi za sungura tunazianza upya kila siku na sungura halalamiki. Kinyozi alitaka kujua kama huyu naye atakufa mwishoni, na kama ni hivyo tutakaa mara ya pili au ya kwanza inatosha. Mimi nilibaki nimesimama, hakuna aliyeniambia kaa, hakuna aliyeniambia toka.

Fundi alitazama saa yake, kisha mwanga wa mlangoni. "Turudishe mwanzo," alisema. "Tumemtazama mtu asiye yeye."

Akabonyeza, na kanda ikaanza kurudi, ule mlio mwembamba wa kuvuta uzi. Sote tuliusikiliza. Kisha akanigeukia. "Mwalimu. Kama kilivyo."

Nilinong'ona kama kilivyo. Nilisema "mimi" pale aliposema mimi. Nilisema mizaha yake, ambayo haikunichekesha, na watu wakacheka, hata seremala. Taa zilijiwasha, na nikasema kwamba zinajiwasha. Sikuipenda filamu ile, sijaipenda hadi leo, lakini nilianza kuiona. Kijana alikuwa na woga niliokuwa nimeukosa nilipokuwa na kazi ya kuuficha: alipiga miluzi kwa kuwa kulikuwa kimya mno kule juu.

Mlango ulifunguka mara ya pili. Kishindo, sikio, daktari. Nilisema maneno ya daktari yote, Fundi akayarudia polepole, na hakuna aliyecheka. Filamu ikaendelea kidogo. Yule mwanamke wa melini alimwita redioni, sauti yake hafifu, na kijana, amelala na bendeji, hakusikia. Aliita tena. Ndipo akageuza kichwa, akaleta sikio la kulia, polepole, kama mtu anayesogeza kiti.

Nilikuwa nimekaa mbele, nimewageukia watu nusu. Niliona vichwa vyote vya ukumbi ule, benchi baada ya benchi, vikigeuka pamoja naye. Sidhani walijua.

"Ni yeye," seremala alisema, si kwa mtu yeyote.

Hatukuimaliza siku ile. Jua lilikuwa limeshuka. Watu walipokwisha kutoka nilibaki nikipanga mabenchi ambayo hayakuhitaji kupangwa, mpaka Fundi alipofunika televisheni. Nilimwomba radhi. Alikaa juu ya meza yake ya redio, akawa anasokota uzi wa shaba kidoleni.

"Mjukuu hakuwa mbaya," alisema. "Nilimpenda. Lakini mdomo wangu si wangu peke yangu, Mwalimu, wamekaa humo watu wengi. Ukitaka kutunga, tunga kwa mkono wako, na uandike juu kabisa: nimetunga."

Jumatatu nilinunua daftari la kurasa tisini na sita. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika nilivyoambiwa, neno moja. Chini yake nikamweka mjukuu, nikampa mnara wenye kutu, na birika. Niliandika asubuhi kabla ya shule, wiki nyingi, na sikumwonyesha mtu. Ijumaa zote hizo Fundi hakuniita. Zilikuja kanda mbili za Kifaransa, akazirudisha bila kuzionyesha.

Mwaka uliofuata uliuondoa ukumbi ule, na watu, na mengi ambayo si ya kuandikwa hapa. Seremala sijui alipo. Daftari ninalo, kwa sababu lilikuwa katika mkoba begani mwangu siku nilipokimbia.

Lakini kabla ya hayo yote, mwishoni mwa kiangazi cha mwaka uleule wa tisini na tatu, nililipeleka kwa Fundi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kati ya redio mbili zilizofunguliwa matumbo. Nilipita mbele ya karakana kila siku nikijifanya naenda sokoni. Siku ya tisa aliniita, akanirudishia, akaendelea na kazi yake. Nilifungua nikiwa nimesimama palepale mlangoni. Kurasa zilikuwa safi, ila mahali patatu, pembeni, kwa penseli, kwa ile hati yake ya kuandika namba za nyaya, alikuwa ameandika: Hapa sikuelewa.

Nilisoma mahali pa kwanza. Alikuwa sahihi. Hata mimi sikuelewa.

"Ijumaa kuna kanda ya Kifaransa," alisema, bado ameinama juu ya redio. "Umeme ukiwepo, njoo."